Baiskeli Niliyoikataa Jumamosi

Mke wangu hakutaka kubebwa kwenye ingobyi. Alilisema hilo kuliko jambo lingine lolote, tangu siku ile hospitalini walipotuambia turudi nyumbani, apumzike na ale vizuri. Sote wawili tulielewa maana ya maneno hayo na hatukuyazungumzia. Tulikaa Gikondo, chumba kimoja nyuma ya maghala, na mimi nilikuwa kuli katika ghala la maharage. Hatukuwa na mtoto. Vita ilikuwa imeanza kaskazini mwaka mmoja hivi uliotangulia.

Alitaka kwenda kwa mama yake, Gahanga.

"Lakini nataka niingie nimekaa," aliniambia. "Sitaki niletwe kwa mama nimelala."

Ingobyi ni machela ya kusukwa, hubebwa mabegani na wanaume wanne. Kila kilima kina chama chake cha kubeba wagonjwa, na asiyekwenda kuwabeba wenzake naye habebwi. Ni jambo jema, hata mimi nimebeba. Lakini ingobyi inapopita, watu huweka majembe chini na kusogea barabarani. Huuliza, "Ni nani huyo?" na wabebaji hujibu huku wakitembea. Mgonjwa analala pale juu akisikia jina lake likipita kutoka shamba hadi shamba. Mke wangu alikuwa amekulia kwenye njia ile na alijua ni nani angesimama wapi. Tumbo lake lilikuwa limevimba na miguu imekonda, na hakutaka waione miguu ile ikiwa imenyooshwa.

Gari la abiria liliishia Kicukiro. Kutoka pale ilibaki njia ndefu ya vumbi. Ndipo nikafikiria baiskeli. Angekaa nyuma kwenye keria, juu ya mto, anishike kiunoni, nami ningeendesha polepole na kusukuma penye kilima. Tukatuma habari Gahanga kwamba tungefika Jumapili.

Nilikwenda mjini Ijumaa baada ya kazi. Mwenye duka la baiskeli alikuwa mzee wa Kiislamu, mwenye kofia nyeupe na Kiswahili kizuri kuliko changu cha ghalani. Hakuniuliza baiskeli ni ya kazi gani, nami sikumwambia. Aliniambia niweke kwapa kwenye kiti na ninyooshe mkono. Vidole vikifika penye mhimili wa pedeli, baiskeli ni saizi yangu. Ndivyo walivyokuwa wakipima. Vidole vyangu vilifika bila shida kwenye ile kubwa, ya inchi ishirini na nane, nami nikainunua kwa furaha na kuisukuma mpaka nyumbani, maana kubwa ndiyo baiskeli ya mwanamume. Sikukumbuka kwamba mimi nina mikono mirefu na miguu mifupi. Fundi aliyenishonea suti ya harusi alinicheka kwa sababu hiyo hiyo.

Jumamosi asubuhi tulijaribu uani. Nilimpakia mke wangu kwenye keria, nikapanda, tukaenda hatua kama tano. Nilipotaka kusimama mguu haukufika chini. Tulianguka upande wa ukuta, polepole, kama mzigo unaoteleza. Nilimkinga kwa mkono, hakuumia sana. Alikaa pale chini akapangusa vumbi kwenye kanga.

"Mzee wangu," alisema, na nilikuwa na miaka thelathini tu, "umeninunulia farasi."

Alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kisha akasema, "Irudishe. Mwambie akupe punda."

Jirani alinionya kwamba duka halipokei baiskeli iliyokwisha kutembea. Tairi mpya huwa na vinywele vidogo vya mpira, alisema, na mwenye duka huvitazama kwanza. Kwa hiyo niliibeba begani. Nilipanda nayo kutoka Gikondo hadi mjini, magurudumu yakiwa hewani, na watu njiani hawakuniacha.

"Bwana we, hiyo baiskeli inakupanda!"

"Iko mgonjwa? Mpeleke hospitali!"

"Kaka, ukichoka iambie nayo ikubebe kidogo!"

Nilicheka nao. Ukiwa na mtu anayekufa nyumbani unacheka kama wengine, hakuna anayejua.

Dukani mzee alizungusha gurudumu la mbele kwa kidole, halafu la nyuma.

"Hii imeanguka," alisema. "Tazama usukani."

"Imeanguka, mzee. Mara moja."

"Na vinywele vya huku vimekwisha. Sasa nitamuuzia nani? Nimwambie imetoka kiwandani na vumbi la Gikondo?"

Nilisimama pale na baiskeli. Nilitaka kusema kwamba nilipimwa vibaya, na ingekuwa kweli nusu. Badala yake nikamweleza mambo yote, habari ya mke wangu na Gahanga na ingobyi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mjini. Mzee alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Ungesema jana," alisema. "Anayepakia mtu hapimwi kwa mkono. Anapimwa kwa miguu, yote miwili chini. Pole, mwanangu."

Ndogo ya kiume hakuwa nayo. Ingefika Jumatatu. Lakini nyuma ya duka alikuwa na moja ya kike, iliyokwisha kutumika, waliyoiacha masista fulani walipohama. Haikuwa na bomba la juu. Ilikuwa ya bluu, na gurudumu la nyuma lilikuwa na wavu wa nyuzi wa kuzuia sketi isinaswe. Alinikalisha. Miguu yangu yote miwili ilifika chini, nyayo nzima.

"Chukua hii," alisema. "Mpeleke kesho, Jumapili, barabara ni tupu. Ukitaka kubadilisha, utakuja wiki ijayo."

Niliishika usukani. Nje walikuwa wamekaa makuli wawili niliowafahamu, wa ghala la jirani. Mmoja alichungulia ndani akasema, "Ee sista! Utatuombea?" Mwenzake akaangua kicheko.

Ni hayo tu yaliyotokea. Hakuna aliyenitukana. Lakini niliwaza barabara ya Gahanga, shemeji zangu wamesimama uani na mimi nafika juu ya baiskeli ya sista, na nikamwambia mzee, "Nitangoja ya Jumatatu."

"Una hakika?"

"Siku mbili si kitu."

Nyumbani nilimwambia mke wangu, "Ndogo hawana. Zinakuja Jumatatu." Maneno hayo hayakuwa na uongo hata kidogo. Nimeyarudia mara nyingi kichwani na bado sijapata neno la uongo ndani yake.

"Basi Jumatatu," alisema. Jumapili aliniomba nimchemshie maji, akaosha nywele, akakaa mlangoni zikauke. Alikaa karibu saa nzima bila kuegemea kitu. Nilikuwa nikipepeta mchele na nilimwona.

Jumatatu nilipata baiskeli, nyeusi, ya kiume, inchi ishirini na sita. Mzee aliipokea badala yake ile kubwa, niliyokuwa nimeiacha dukani, bila kuitazama tena tairi. Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amelala. Nilimwinua ili aione, mgongo ukakunjika mikononi mwangu. Jumanne tulijaribu tena, nikamfunga kwa kitenge kiunoni mwangu kama mtoto. Kichwa kilianguka mgongoni pangu, akasema, "Niteremshe."

Nilituma ujumbe mwingine Gahanga. Jumatano wanaume sita wa kupokezana walifika na ingobyi, wameacha mashamba yao tangu alfajiri. Walimlaza kwa heshima, wakamfunika mpaka kidevuni. Mimi nilifuata nyuma nikisukuma baiskeli, na mto umefungwa kwenye keria kwa sababu sikukumbuka kuufungua. Tulipopita Kicukiro watu wakaanza kusogea barabarani. "Ni nani?" Wabebaji wakajibu. Mke wangu alifumba macho. Karibu na kwao akavuta shuka juu ya uso mwenyewe.

Kuhusu kaburi lake, lipo, nalijua. Miaka michache baadaye yalitokea katika nchi yetu mambo yaliyowaacha watu wengi bila kujua wapendwa wao walilala wapi. Ndiyo maana huwa sisimulii habari hii mbele ya watu. Ni ndogo sana. Lakini ni yangu, na nikiinyamazia nitakuwa kama sikuifanya.

Mama mkwe wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa desturi mimi naye hatukuzungumza sana. Jioni ile ya kwanza alinikuta nyuma ya nyumba, akasimama mbali kidogo, uso kando.

"Mkwe," alisema, "mlituambia mnakuja Jumapili. Tulifagia. Niliketi mpaka jua likazama."

"Ilikuwepo baiskeli Jumamosi, mama," nikasema. "Ilikuwa ya kike. Niliikataa. Niliogopa kuchekwa."

Ndani tulimsikia mke wangu akikohoa na mtu akimpa maji.

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Ulitaka kumwambia?"

"Leo. Nilikuwa natafuta namna."

"Usimwambie," alisema. "Wewe utakuwa mwepesi, yeye atakuwa mzito. Kaa nalo."

Akaingia ndani.

Mke wangu aliishi siku nne. Majirani walikuja kumwona, walewale waliosimama njiani, na kila aliyeingia aliuliza habari ya ile baiskeli mpya iliyoegemezwa ukutani. Mke wangu aliwaeleza. Sauti ilikuwa imebaki kidogo, ilibidi wainame. Aliwaambia jinsi nilivyobeba farasi begani mpaka mjini. Aliwaambia kwamba nilizunguka maduka yote Jumamosi nikitafuta ndogo, na hakuna duka lililokuwa nayo; hilo la kuzunguka alilitunga mwenyewe, au alidhani ndivyo ilivyokuwa. "Angeipata," alisema, "ningeingia hapa nimekaa."

"Umepata mume," mwanamke mmoja alimjibu.

Mama mkwe wangu alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa kwenye kigoda karibu na kitanda, mkono wa mke wangu ndani ya wangu, na watu wote wakageuka kunitazama kwa wema. Nikaitikia kwa kichwa.