Kaburi la Kwanza kwenye Mikorosho ya Bibi

Nikisikia harufu ya kivumbasi kilichokanyagwa, hata niwe stendi ya Kibiti katikati ya moshi wa mabasi, narudi shambani kwa bibi, kijijini Mtawanya, siku aliyozikwa Paulo.

Paulo aliuza mitumba. Alikuja kutoka bara miaka ile biashara ilipofunguliwa, na mwenyewe alivaa zile zilizokosa mteja, ndiyo maana suruali zake zote zilikuwa fupi. Alikuwa Mkristo. Makaburi ya kijiji yalikuwa nyuma ya msikiti, ya Waislamu, kwa hiyo homa ilipomwondoa ghafla wazee walikuna ndevu hadi adhuhuri. Mkewe, Mama Neema, alikaa barazani kwetu akirudia neno moja: "Msinizikie mume wangu porini, peke yake."

Bibi akasema, "Azikwe kwangu, kwenye mikorosho."

Wanaume wakachimba, mjomba Sefu mbele. Walichimba kama mikono ilivyozoea: shimo jembamba, na chini ubavuni wakatoa mwanandani, kile kishubaka cha kumlaza Muislamu ndani ya sanda yake. Jeneza lilipokuja, halikuingia.

"Jamani," mjomba akashika kiuno, "tumemsilimisha Paulo bila kumuuliza!"

Mama Neema akacheka huku machozi yanamtiririka. "Hata nguo zilimbana hivyohivyo."

Likachimbwa jingine pembeni, pana. Sasa lile la kwanza! Kwetu kaburi tupu haliachwi, litaita mtu. Huzikwa gogo la mgomba. Mjomba akainua panga aende kukata, bibi akamzuia.

"Rudishieni mchanga tu. Hilo lina mwenyewe." Akamgeukia Mama Neema: "Hatakuwa peke yake, mwanangu."

Akapanda kivumbasi juu ya yote mawili. Mimi, mtoto na ndoto zangu, nikaamua mwenye kaburi lile ni jini mpole, nikawa namwachia korosho za kuchomwa pale kila jioni.

Bibi alifariki baada ya daraja la Ndundu kufunguliwa. Mjomba alitaka alale nyuma ya msikiti, walipo wazazi wake, lakini bibi alikuwa ameshausia: kwenye mikorosho, lile la kwanza. Mchanga ulichimbika kirahisi, na kishubaka kikaonekana palepale. Siku hizi wamelala hapo watu wa kila dini, hata utingo mmoja ambaye hatukupata kujua yake.

Kumbe miaka yote ile nilimpelekea jini korosho, na mwenye kaburi ndiye aliyekuwa akinichomea.