Fundi wa Pembeni mwa Mashine

Yule mama fundi wa Mlabani alishonea ubavuni mwa mashine ya dizeli ya kukoboa mpunga. "Shikamoo" ilibidi umpigie kelele, naye aliitikia kwa kichwa tu, pini mdomoni, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani, vidole vikisukuma kitambaa taratibu kama anayebembeleza mtoto. Jumamosi moja mkanda wa mashine ulikatika, pakawa kimya hadi tukasikia kuku wakiparura pumba. Alikuwa na gauni la Komunyo ya kwanza, la kesho yake asubuhi. Akashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Akafumua, akaukosea tena. Akavua miwani, akawageukia akina mama waliokalia magunia yao wakisubiri zamu. "Jamani, mbona mmenyamaza kama mko msibani? Gombaneni kidogo nimalize huu mkono." Wakacheka. Dativa akamsingizia Agnella kwamba ameruka foleni, Agnella akajibu mapigo, wengine wakadakia. Fundi akainama. Mashine ilipowaka tena, wale walikuwa wanagombana kweli, na mikono yote miwili ilikuwa mahali pake. "Asanteni, inatosha," akasema, na hakuna aliyemsikia.