Mgeni Mrefu Katika Bustani ya Gulandam

Gulandam binti Sabzali bin Khudainazar. Khudainazar ndiye aliyeshuka milimani na mbegu za bangi katika pindo la kilemba. Sabzali ndiye aliyeng'oa kila mche mrefu kwa miaka thelathini, mpaka bustani nzima ikawa fupi. Na Gulandam ndiye aliyeilinda mbegu hiyo kule Balkh, kaskazini mwa Afghanistan, enzi za mfalme, asimpe hata dada yake.

Mibangi yake haikuzidi kifua cha punda. Mafundo yalibanana, majani mapana kama nyayo za bata, matawi yamejaa kama bibi harusi aliyevaa nguo zake zote kwa mpigo. Tena ilikomaa mapema, kabla baridi haijateremka. Kila kiangazi aling'oa madume yote akabakiza moja tu, fupi kuliko yote, ndilo liwe baba wa mbegu.

Mwaka ambao binti yake alijifungua mjini Mazar, Gulandam alikwenda kumuuguza siku arobaini. Bustani alimwachia shemeji yake Ghausuddin, askari mstaafu, pande la mtu. "Ng'oa madume, bakiza moja," alimwagiza.

Aliporudi, hata lango hajalifungua, aliona kichwa cha mbangi kikimchungulia juu ya ukuta.

"Shemeji, huyu nani?"

"Mgeni. Mbegu yake nilipewa na yule msafiri wa kusini aliyelala kwetu majira ya kuchipua. Nikaipanda pale pembeni; ulipoondoka kalikuwa kamche tu. Tazama kimo hicho."

"Dume huyu."

"Dume kwelikweli. Si ulisema nibakize moja? Vile vifupi vyako vilikuwa vinatutia aibu, nimeving'oa."

"Na huyu hukumng'oa."

"Shemeji, mgeni anang'olewa? Mimi maji nilimpa yeye kwanza, ndipo wenyeji."

Gulandam alitikisa tawi. Vumbi kidogo la manjano likamwangukia mkononi. Lililobaki upepo ulikuwa umeshawapelekea majike. Mbegu zote za mwaka huo zingezaa watoto warefu, wembamba, wavivu wa kukomaa, na baridi ingewakuta wangali wanajipamba. Kazi ya babu na ya baba, mgeni mmoja ameimaliza. Akaketi juu ya mzigo wake mpaka Ghausuddin akaanza kujikuna kichwa na kwenda zake sebuleni kuegemea mto.

Ndipo Gulandam akakumbuka. Akamfuata na mkasi.

"Inuka, shemeji."

"Kuna nini tena?"

"Umemwegemea baba yangu."

Aliufumua mto. Konzi mbili za mbegu za mwaka uliopita zikamwagika kitambaani, za kijivu zenye mistari. Kila vuli huzibadilisha, na huzificha humo kwa sababu panya hawasogei anapokoroma Ghausuddin.

"Kumbe," alisema Ghausuddin akijipapasa mgongo. "Nami nilidhani ni uzee."

"Uzee ni wangu, magoti yamekataa. Kuanzia mwakani utakagua wewe, fundo kwa fundo, umepiga magoti. Penye vifuko vya dume, ng'oa. Wa kubakizwa nitakuonyesha mimi."

"Na yule mgeni?"

"Mpe chai," alisema Gulandam, akizikusanya mbegu moja moja. "Kisha mng'oe."