Kikombe cha Rebeka Csorba

Rebeka Csorba alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwaka mmoja na mimi, na kila kitu alikipata kabla yangu: meno, mume, mjukuu. Hayo nilimsamehe. Kikombe sikumsamehe.

Mwaka wa elfu moja mia nane arobaini na nane, Baba yetu Kossuth, kiongozi wetu sisi Wahungari, alipozunguka uwandani kwetu akiwaita wanaume wakapigane na jeshi la Kaisari wa Austria, sisi wasichana tulikuwa kisimani. Likasimama gari la farasi, akashuka bwana mwenye ndevu zilizouzunguka uso, akaomba maji. Ndoo niliivuta mimi. Rebeka akachota kwa kikombe chake cha udongo, akampa. Akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Basi! Rebeka akasema ni Kossuth mwenyewe, na kijiji kikaamini. Kossuth alikimbilia ugenini akafia huko, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo kikombe kilivyopanda cheo. Kikakaa juu ya kabati, kando ya Biblia. Waliotaka kura kwa jina la Kossuth walikuja kukibusu. Rebeka alizika mume na wana wawili, na mpaka leo anakanda mkate wake mwenyewe, hilo nalikiri. Lakini nani aliuliza habari za mkate?

Nami namjua yule bwana. Alikuwa mnunuzi wa sufu. Mwaka ule kila mwanamume alifuga ndevu za Kossuth, hata mchunga nguruwe wetu. Wiki iliyofuata nilimwona sokoni akikagua manyoya ya kondoo. Nikanyamaza miaka hamsini na nne.

Sasa kijiji kimemjengea Kossuth sanamu mbele ya kanisa, na mwalimu Fazekas akatangaza kwamba Rebeka ndiye atakayeifunua. Nikajifunga kitambaa changu cheusi cha kichwa, nikaenda shuleni.

"Mwalimu, yule bwana wa kisimani…"

"Kumbe nawe ulikuwepo, Bi Lídia?" Akachovya kalamu. "Ulimwona Baba yetu kwa macho yako?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kalamu ilikuwa inangoja.

"Nilimwona! Na maji aliyokunywa nimeyavuta mimi. Rebeka alishika kikombe tu."

Jioni Rebeka alikuwa mlangoni kwangu. "We Lídia, miaka yote hiyo ulimeza ulimi?"

"Nilikuwa nangoja unitaje, shoga."

"Ungengoja mpaka kaburini."

"Ndiyo maana nimejitaja."

Jumapili tulisimama wawili chini ya sanamu, tumeshika kamba moja. Rebeka alianza kuvuta kabla ya kuambiwa, kama kawaida yake. Lakini shuka lililofunika sanamu lilidondoka nilipovuta mimi. Kijiji kizima kiliona.