Nililificha Kundi la Galaksi Lililokataa

Kosa ni langu, simsingizii mtu. Wiki tatu nzima sikupata usingizi wa maana kwa swali moja: je, kama kile kipimo nilichokifuta ndicho kilichokuwa kinasema kweli?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na digrii ya fizikia, naishi Kaloleni kwa shangazi, nasomea digrii ya pili.

Nyota zilizo pembeni mwa galaksi hukimbia kasi kuliko inavyotakiwa. Wengi husema kuna maada isiyoonekana inayozishikilia. Wachache husema hapana, sheria yenyewe ya mvutano ndiyo hubadilika huko mbali. Kazi yangu ilikuwa kuijaribu hiyo sheria mpya kwa vipimo vya wanaastronomia, ambavyo nilivinakili kwa mkono kutoka majarida ya maktaba.

Galaksi zote nilizojaribu ziliikubali sheria hiyo. Nilifurahi mno! Kisha nikajaribu kundi zima la galaksi. Likakataa.

Labda nimenakili vibaya, nikajiambia. Dawa ilikuwa kurudi maktaba, mwendo wa dakika tano. Sikwenda. Niliogopa kukuta nimenakili sawasawa. Nikalifuta kwa raba.

Mhadhiri wangu akaisifu kazi. Akampa Atieno, mwanafunzi mwenzangu kutoka Pap Onditi, aiendeleze kwa makundi mengine. Miezi minne hesabu zake zilimgomea.

"Omera, ndugu yangu, hebu nionyeshe wewe ulifanyaje," aliniambia. "Yangu imekataa kama punda."

"Labda umekosea alama mahali."

Mungu wangu! Nilisema hivyo nikimtazama machoni.

"Nimerudia mara sita. Basi ni kichwa changu tu ni kizito."

Nikamalizia chai aliyonimiminia.

Wiki tatu baadaye akaniambia mhadhiri amemshauri aache, na barua ya kumsimamisha masomo itaandikwa Ijumaa. Alilisema hilo polepole, kama mtu aliyekwisha kukubali.

Alhamisi asubuhi nilikwenda maktaba. Nilikuwa nimenakili sawasawa, hadi nukta. Nikamfuata Atieno, tukaingia pamoja ofisini kwa mhadhiri.

"Mwalimu, hesabu za Atieno ni sahihi. Kundi moja lilinikataa hata mimi. Nililifuta."

Akavua miwani. "Ulilifuta kwa nini?"

"Lilikuwa linaharibu grafu."

Atieno hakupiga kelele. Alinigeukia tu. "Miezi minne, omera! Na chai yangu ulikuwa unakunywa!"

Barua haikuandikwa. Mimi nilinyang'anywa nafasi ya kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na Atieno hanisalimii hadi leo. Sidai anisalimie.

Wewe unayesoma haya ukiwa na kipimo kimoja kinachokuharibia grafu, kiache hapo hapo kwenye karatasi kila mtu akione. Na kama umeshakifuta, usingoje Alhamisi kama mimi. Nenda leo ukaseme, kabla mtu mwenye akili timamu hajaanza kujiita mjinga kwa ajili yako.