Asiyeitika Anatafutwa

Asubuhi ya siku ile nilikuwa shambani naamia ndege. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, na wiki hizo ukizubaa kidogo tu, ndege wanakuvunia. Nilikuwa napiga debe bovu na kuwatukana, maana mimi mdomo sijanyimwa, ndipo Kabula akapita kwenye tuta na kibuyu cha maziwa kichwani.

"Mwangaluka, dada Filo," akaniamkia kwa Kisukuma chake.

"Mwangaluka. Hayo maziwa leo umetia maji ya mtoni au ya kisimani?"

Akacheka. Ndivyo tulivyokuwa siku zote, mimi Mpogoro wa Jumbani, yeye mke wa Masanja, mfugaji. Walihamia na ng'ombe wao wakati watoto wangu bado wadogo. Alinipa kata ya maziwa, nikampa mahindi mabichi, akaenda zake. Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho ninayoikumbuka kabla ya vita. Redioni walisema ni mapigano ya wakulima na wafugaji. Sisi tuliokuwepo tunaita vita.

Lazima nieleze kuhusu jumba, la sivyo hutaelewa. Kitongoji chetu kiko upande wa Mchombe, chini kuelekea mtoni, na kinaitwa Jumbani kwa sababu ya jumba la Mjerumani. Alilijenga kwa mawe juu ya mwinuko pekee tulionao, akapanda miti ya mpira, na kwenye baraza akatundika kengele ya chuma. Babu yangu mzaa baba ndiye aliyekuwa mpiga kengele. Alfajiri akiipiga, vibarua wote wanapanda barazani na kuitwa majina, kaya kwa kaya. Asiyeitika anatafutwa. Akipatikana, viboko. Babu aliipiga kengele hiyo miaka na miaka, na baba alituambia kwamba watu wengine hawakuwahi kumsamehe.

Mjerumani akaondoka na vita yao ile ya kwanza, mipira ikageuka kuni. Kisha yakaja mafuriko makubwa. Babu akapanda barazani bila kutumwa na mtu, akapiga kengele mpaka kitongoji kizima kikawa juu. Halafu akafanya alichozoea, akaita majina. Walioitika wakakaa. Wasioitika walitafutwa na watu wote kwa mitumbwi, mpaka wakapatikana, wazima au wamekufa. Tangu hapo ndiyo desturi yetu. Kengele haipigwi kwa harusi, haipigwi kwa msiba, haipigwi kwa mkutano wa chama. Ni maji tu. Na panga, mkuki au shoka havipandi barazani, maana watoto wanakuwa wamebanana pale.

Baada ya babu alishika baba, na baada ya baba nikashika mimi. Baba aliniachia neno moja: "Filomena, usiipige hujayaona maji kwa macho yako. Ukidanganya mara moja, siku ya kweli watalala." Wafugaji walipohamia, niliyaongeza majina yao kwenye orodha ya kichwani mwangu. Maji hayaulizi kabila.

Sasa, nani alianza? Usiniulize. Mimi najua hivi tu: ng'ombe waliingia kwenye mpunga wa Alois, jirani yangu, wakaumaliza. Alois akamkata ng'ombe mmoja mshipa wa mguu. Kesho yake vibanda viwili vya shambani vikachomwa. Kesho kutwa yake hakuna aliyekwenda kuamia ndege.

Mdogo wangu Deo alipita kwangu akiwa na panga. Deo nimemlea mimi. Mama alifariki Deo akiwa hajaanza hata kutambaa. Sina mwingine wa tumbo moja.

"Deo, rudi nyumbani."

"Dada, wakimaliza kwa Alois wanakuja kwangu. Nile nini na wanangu?"

Nikamwambia mpunga unaoteshwa tena, mtu haoteshwi. Akaondoka.

Nikapanda jumbani, maana kule unaona bonde lote. Haukupita muda Kabula akaja na watoto wake wanne, amemfunga mdogo mgongoni. Hakusema shikamoo. Alikaa kwenye ngazi, akatazama nilikokuwa natazama.

Wanaume wa kwetu walikuwa upande huu wa kijito, wa kwao upande ule. Shati la Deo lilikuwa jekundu, nilimwona. Kabula alikuwa anamtazama Masanja, na Luhende, mdogo wake Masanja.

Ukasikika mlio wa gobole.

Mtu mmoja wa upande wao akaanguka.

Kabula akainuka. Akaitazama kengele, akanitazama mimi.

Niliogopa. Nalisema hili wazi kwa sababu wengi hunisifu. Anga lilikuwa jeupe, mto uko kwenye kingo zake, na neno la baba lilikuwa masikioni mwangu. Nikasimama pale nimeshika kamba, na nisiivute.

Wakaanza kuvuka kijito. Upande wetu, mtu akapigwa mshale, akaketi kwenye maji.

Shati jekundu likaingia kijitoni.

Nikavuta.

Nilivuta kwa mikono miwili, mpaka kamba ikanichuna. Kule chini watu wakasimama. Nakuambia, nilimwona mtu ameinua panga, akabaki ameliinua. Masika yalikuwa yanaishia, lakini milimani mvua ilikuwa bado inanyesha, na kila mmoja wao alikuwa na mama, au mke, au mtoto bondeni. Wakageuka. Wakakimbia, wa huku na wa kule, kila mtu nyumbani kwake, na kutoka huko wakapanda jumbani na watoto, magodoro, kuku. Mapanga na pinde wakavirundika chini ya ngazi kama ilivyo desturi, rundo moja.

Deo alifika na damu kwenye mikono. Haikuwa yake. Nikashika nguzo.

"Dada, maji yako wapi?" akauliza.

"Kaa chini. Nahesabu."

"Lakini mbona..."

"Deo, nimesema kaa."

Wakakaa, wakulima na wafugaji, wamebanana, wanahema. Nikaanza kuita, kaya kwa kaya. Wakawa wanaitika. Nikafika kwa Alois.

Kimya. Mkewe akatazama huku na huku.

Nikaendelea. Masanja akaitika. Nikaita Luhende.

Kimya.

Mtu mmoja kule nyuma, mpaka leo simjui, akasema taratibu, "Asiyeitika anatafutwa." Basi wanaume wakainuka, wote. Wakashuka ngazi, wakapita lile rundo bila kuokota kitu, wakaenda kijitoni. Walirudi na Alois na Luhende kwenye machela mbili za miti, na wawili kati ya waliombeba Alois walikuwa wafugaji, na Deo alikuwa amebeba Luhende upande wa kichwa. Tulilia pamoja barazani mpaka askari walipofika na magari yao.

Baadaye vikaja vikao, mipaka ikapimwa, nguzo za zege zikasimikwa. Ugomvi mdogo mdogo haujaisha, ila vita haikurudi. Deo amezeeka, ana wajukuu, na kila nikimwona anakoroma kwenye mkeka mchana namshukuru Mungu. Lakini najua pia muda niliosimama nimeshika ile kamba. Ningeivuta baada ya Luhende kuanguka, Alois angekuwa hai. Ningeivuta kabla, wangekuwa hai wote wawili. Nimekwenda kuungama, padri akasema si dhambi. Sawa, si dhambi.

Kilichonitisha zaidi ni neno la baba. Kila masika nilijiuliza: nikipiga tena, watakuja?

Mwaka juzi mto ulipasua kingo. Niliyaona maji kwa macho yangu, mapana, ya rangi ya chai. Nikapiga kengele. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Masanja, kambeba mbuzi mabegani, Kabula nyuma yake na wajukuu.

"Dada," akasema, "leo ni maji kweli, au Deo anapigana tena?"

Kumbe Kabula alikwisha kumwambia kitambo kwamba nilivuta pale Deo alipoingia kijitoni. Kumbe wote walikuwa wanajua, na bado walikuwa wanapanda ngazi, mmoja baada ya mwingine, wamelowa. Nilicheka mpaka nikalia.

Nikaita majina. Kaya zote zikaitika, hakukosekana hata kitoto cha juzi. Nilijisikia mwepesi, na labda ndiyo sababu mdomo ukaenda wenyewe kwenye orodha ya zamani. Nikaita Alois. Nikaita Luhende.

Maji yalikuwa yanasikika chini.

"Hao tulishawatafuta, dada," akasema Masanja. "Endelea."

Nikaendelea na kaya iliyofuata.