Shingo ya Binti Yangu

Binti yangu alikuja kuzalia kwangu Buyenzi, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza. Nilimkanda kwa maji ya moto, nikamnywesha uji wa pilipili manga, na arobaini ilipofika akatoka mashavu yamejaa, ngozi inang'aa. Majirani waliona wivu. Kazi ile ninaijua, sitanii. Mume wake akatuma habari kutoka mtaani kwao Kanyosha: "Abaki kwanza, huku wanapigana."

Alibaki, akaanza kuyeyuka mbele ya macho yangu. Anakula kama mkulima na bado mifupa inatoka. Mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika. Ukimkumbatia, moyo wake unakugonga kifuani. Tulisema ni bunduki. Mji mzima ulikuwa unatetemeka, nani angemshangaa mmoja?

"We mama, unamulisha nini, risasi?" jirani akanicheka.

Kisha milio ikanyamaza kidogo, sisi tukalala, yeye akaendelea kutetemeka. Nikampeleka hospitali. Daktari akampapasa koo, wakapima damu.

"Mama, ni tezi ya shingo. Imevimba ndani baada ya uzazi, inamwaga akiba yake yote kwenye damu. Ikiishiwa, atakuwa baridi na mzito. Halafu wengi wanapona wenyewe."

"Na wale wengine?"

"Wanameza kidonge maisha yote."

"Mi nifanye nini?"

"Ungoje, mama."

Kungoja! Mimi niliyelea watoto chini ya risasi! Nikarudi nikazidisha pilipili kwenye uji. Tezi haikujua kama kuna uji.

Baridi ikaja kweli. Jua la saa sita, yeye yumo ndani ya blanketi. Nywele zinabaki kwenye kitana. Mtoto analia, mama yake anamtazama kama wa jirani. Nilimkanda, nikamsomea dua, nikamgombeza. "Ndiyo, mama," anasema, anasinzia.

Miezi ikapita hivyo. Asubuhi moja namwogesha mtoto, binti yangu akanivamia: "Apana, mama! Maji ya moto hivi? Lete mutoto wangu!" Akamchukua. Nikabaki na povu mikononi, machozi yananitoka.

Watu wakanisifu kwa kumponya. Sifa nazipenda, lakini ile haikunishuka kooni. Daktari alikuwa ameniambia akizaa tena inaweza kurudi.

Alipopata mimba ya pili, wenzangu walimshika tumbo. Mimi nilimshika shingo.